Chumba chenye swichi za kina: shajara ya mradi

Jumatatu: kinachojengwa

Chumba kimoja tu. Ndani yake kuna meza, mpira mwekundu juu ya meza, nguzo tatu zilizopangwa kwa umbali tofauti, na ukuta wa mwisho ulio mita 20 kutoka anaposimama mtazamaji. Vyote vinachorwa na kompyuta, na anayeviona ni yule tu aliyevaa miwani ya uhalisia pepe. Ukutani upande wa kushoto kuna safu ya swichi. Kila swichi inazima njia moja ambayo macho huitumia kujua kitu kipi kiko karibu na kipi kiko mbali, yaani kina. Picha mbili tofauti kwa macho mawili: swichi. Picha kubadilika kichwa kinaposogea: swichi. Vivuli: swichi. Kitu cha mbele kufunika cha nyuma bado hakina swichi, maana ukikizima mchoro mzima unavurugika. Nitakitafutia dawa huko mbele.

Sababu ya kujisumbua ni hii. Karibu kila maelezo ya miwani hii yanaanza na kuishia kwenye sentensi moja, kwamba kila jicho linapewa picha yake. Ni kweli, ila nina wasiwasi kwamba si hata nusu ya habari. Nataka kuzima kimoja kimoja nione kipi kikiondoka chumba kinageuka picha ya ukutani.

Jumatano: lenzi kwanza

Skrini ndani ya miwani iko sentimita chache tu kutoka kwenye mboni. Jicho la mtu mzima haliwezi kulenga kitu kilicho karibu kiasi hicho. Weka simu mbele ya pua yako ujionee: herufi zote ni ukungu. Kazi ya lenzi ni kuisukuma picha hiyo mbali.

Kabla ya kugusa msimbo wowote wa programu nimefunga lenzi mbili za mbinuko mbele ya skrini ya simu, kwenye reli ndogo yenye skrubu ya kusogeza skrini kidogo kidogo. Urefu wa fokasi, yaani umbali ambao lenzi hukusanya miale sambamba mahali pamoja, ni milimita 45, kipimo kilekile cha lenzi za sanduku la kadibodi ambalo Google ililionyesha mwaka 2014. Skrini ikikaa milimita 45 kamili kutoka kwenye lenzi, miale inatoka ikiwa sambamba na jicho linaona kana kwamba picha iko kwenye upeo wa macho. Isogeze ndani kwa milimita moja tu: kwa kanuni ya lenzi, 1/44 ukiondoa 1/45 unabaki na 1/1,980, maana yake picha sasa iko karibu mita 2. Isogeze milimita tatu na picha inakuja hadi sentimita 63. Nilikuwa nazungusha skrubu huku jicho moja likiwa kwenye lenzi, na nilihisi kabisa jicho likifanya kazi zaidi kwa kila robo ya mzunguko.

Miwani mingi inayouzwa imepangwa ili picha ikae mahali fulani kati ya mita 1.3 na 2. Hilo naliandika kwa wino mzito kwa sababu lina matokeo yake: umbali huo haubadiliki. Mpira ulio karibu na mkono na ukuta wa mita 20, kwa lenzi ya jicho, vyote viko palepale.

Lenzi pia inapindisha. Mistari iliyonyooka ya fremu ya mlango inajikunja kuelekea katikati kadiri inavyosogea pembeni. Dawa yake ni programu kuipinda picha kinyume, itunishe pande kabla ya kwenda kwenye skrini, kisha lenzi iinyooshe. Rangi nazo hazipindwi sawa, kwa hiyo nyekundu, kijani na bluu kila moja ina hesabu yake. Nilipoiondoa hesabu hiyo kwa makusudi, ukingo mweupe wa meza ulipata pindo la bluu upande mmoja na la nyekundu upande wa pili, na kuta zikawa zinavimba na kunywea kila nilipogeuza kichwa. Picha mbili zilikuwepo, kila jicho na yake, lakini chumba hakikukaa.

Ijumaa: macho mawili

Leo nimewasha swichi ya kwanza.

Mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone alilionyesha jambo hili mwaka 1838 kwa vioo viwili na michoro miwili, kabla picha za kamera hazijajulikana kwa watu. Alitumia michoro ya mistari mitupu kwa makusudi, isiyo na kivuli wala rangi, ili kina kikionekana pasiwe na ubishi kimetoka wapi: kimetoka kwenye tofauti ndogo kati ya picha ya kushoto na ya kulia. Mwaka 1960 Béla Julesz, mtafiti wa maabara za Bell huko Marekani, aliliendeleza kwa kompyuta. Alitengeneza picha mbili za nukta zilizotawanywa ovyo, zinazofanana kila kitu isipokuwa kipande cha katikati kilichosogezwa pembeni kidogo. Kwa jicho moja hakuna umbo lolote. Kwa macho mawili mraba unasimama hewani.

Nimeweka ukuta wa nukta za aina hiyo chumbani. Unafumba jicho, unaona vumbi. Unafumbua, unasubiri kidogo, na mraba unajitenga na ukuta taratibu, kingo zake zikiwa kali ingawa hakuna mstari hata mmoja uliochorwa. Nimeuangalia mara nyingi kuliko ninavyohitaji.

Ndani ya programu, picha mbili zinatoka kwenye kamera pepe mbili zilizotenganishwa kwa umbali uleule ulio kati ya mboni za mvaaji. Wastani wa watu wazima ni kama milimita 63, na wengi wanaangukia kati ya 54 na 74. Ukizitenganisha kupita kiasi dunia inasinyaa. Nilipoziweka milimita 200, meza ilikuwa ya kuchezea na nguzo zilikuwa vijiti, ingawa hakuna kilichopunguzwa hata kidogo. Nilipoziweka milimita 10, ukuta ulirudi nyuma, meza ikawa kubwa mno, nikajiona mfupi. Ubongo unapima ukubwa wa vitu kwa kipimo cha fuvu lake wenyewe.

Nimejaribu pia mbinu ambayo mtu huifikiria kwanza, ya kuzielekeza kamera zote mbili kwenye kitu kimoja, kwa kuwa ndivyo macho yafanyavyo. Haifai. Kila kamera ikielekea ndani, mraba unaonekana upande mmoja mrefu kuliko mwingine, na kwa kamera nyingine ni kinyume chake. Pembe za juu haziko kwenye usawa mmoja tena, kwa hiyo jicho moja linavutwa juu kidogo na jingine chini, na macho hayana uzoefu wa kazi hiyo. Baada ya muda mfupi paji la uso linabana. Sahihi ni kamera mbili zinazotazama mbele sambamba, kila moja na dirisha lake lililosogezwa pembeni kidogo. Kujipinda yaachie macho yenyewe.

Halafu kuna hesabu. Ukitazama kitu kilicho mita 1, macho yamepindiana kwa nyuzi 3.6. Kwa mita 2 ni nyuzi 1.8. Kwa mita 10 ni 0.36 tu. Miwani niliyo nayo inatoa takriban pikseli 20 (nukta ndogo zinazounda picha ya skrini) kwa kila uzi mmoja wa pembe, kwa hiyo pikseli moja ni uzi 0.05. Ukigeuza hilo kuwa umbali unapata kwamba kwa mita 1, hatua ya pikseli moja ni kina cha sentimita 1.4. Kwa mita 10 hatua hiyohiyo ni mita 1.4. Kwa ukuta wa mita 20 ni mita tano na nusu! Kulainisha kingo kwa rangi za katikati kunasaidia sana hapo, kwa kuwa ukingo unaweza kukaa kati ya pikseli mbili, na nguzo ya tatu ilitulia mahali pake nilipouwasha ulainishaji. Hata hivyo, mtu anayesema kina chote cha miwani kinatokana na picha mbili aeleze kwanza kwa nini ukuta ule wa mwisho unaonekana uko mbali.

Jumapili: kichwa

Swichi ya pili ndiyo niliyokuwa naisubiri.

Imezimwa, chumba kinakufuata. Ukiinama kulia kutazama nyuma ya nguzo ya kwanza, nguzo inainama nawe, na nyuma yake hapaonekani. Picha mbili bado zipo, kila jicho na yake, mraba wa nukta bado unasimama hewani. Lakini chumba kimekuwa kitu kilichobandikwa usoni. Neno la kwanza lililonijia lilikuwa "picha", si "mahali".

Imewashwa, ukisogea kulia nguzo ya karibu inakimbia kushoto haraka, ya pili polepole, ya tatu kidogo tu, na ukuta unabaki umetulia. Nyuma ya nguzo panafunguka. Ukitafakari, haya ni macho mawili kwa njia nyingine. Kati ya mboni na mboni kuna sentimita 6.3, lakini kichwa kikisogea sentimita 20 umepata tofauti ya zaidi ya mara tatu ya hiyo, tena kwa mtiririko, si kwa picha mbili tu. Ndiyo maana ukuta wa mbali una nafasi yake. Hata kugeuza kichwa bila kuinama kunasaidia, kwa sababu macho yako mbele ya shingo na yanapozunguka yanasafiri sentimita kadhaa.

Ivan Sutherland, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alilijua hili mapema. Chombo chake cha 1968, kilichovaliwa kichwani na kupimwa kwa mtambo ulioning'inizwa darini, kilionyesha vitu vya mistari mitupu. Katika maelezo yake ya mwaka huohuo aliandika kwamba picha mbili ni muhimu, lakini si muhimu kama mabadiliko ya picha mtazamaji anaposogeza kichwa. Zaidi ya nusu karne imepita na bado tunaelezana picha mbili.

Mchana alipita dada mmoja ninayefanya naye kazi. Jicho lake la kushoto ni dhaifu tangu utotoni, na aliniambia mapema nisipoteze muda wangu: filamu za kuvalia miwani hazijawahi kumfanyia chochote. Alivaa. Nikawasha na kuzima swichi ya kwanza, akasema haoni tofauti. Ukuta wa nukta ulikuwa vumbi tu kwake. Alikuwa amekaa kimya mikono magotini, mgongo umenyooka, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Kisha akainama mbele kidogo kutazama mpira.

"Kaka, umewasha nini hapo?"

"Sijawasha kitu, dada. Umesogea."

Akarudi nyuma. Akainama tena. Baadaye akawa anayumba taratibu kushoto na kulia akiwa kwenye kiti, na bila kuulizwa akaanza kunitajia nguzo zipi ziko mbele ya zipi, zote sahihi. Nilipozima swichi ya pili alivua miwani mwenyewe.

Ila shahidi huyu wa kichwa ni mkali kuliko wengine wote. Akichelewa kidogo, ushahidi wote unakataliwa. Kichwa kikigeuka nyuzi 100 kwa sekunde, mwendo wa kawaida tu, na picha ikachelewa milisekunde 20, chumba kimekosea kwa nyuzi 2, ambazo kwenye skrini hii ni pikseli 40. Ndiyo maana wahandisi huitaja milisekunde 20 kama mpaka wa kutouvuka. Skrini ya fremu 90 kwa sekunde inakula 11 kwa fremu moja kabla hujafanya lolote, kwa hiyo programu inadanganya kidogo: inakisia kichwa kitakuwa wapi, inachora, kisha dakika ya mwisho inasoma tena jairoskopu, kipimo cha mzunguko wa kichwa, na kuisogeza picha iliyokwisha kuchorwa ilingane na kichwa kilipo sasa.

Nimeweka kitelezi cha kuongeza ucheleweshaji. Kwa nyongeza ndogo huoni kosa lolote la wazi, unahisi tu nguzo hazina uzito. Ukizidisha zinaogelea. Kwenye milisekunde 100 hakuna aliyekubali kukaa humo.

Jambo jingine linalopuuzwa ni muda pikseli inaowaka. Ikiwaka milisekunde zote 11 huku kichwa kikigeuka kwa mwendo uleule, kila ukingo unaburuzwa pikseli 22 machoni. Ikiwaka milisekunde 2 na kuzimika, ni pikseli 4. Skrini inakuwa giza muda mwingi kuliko inavyowaka, na ndiyo sababu chumba kinaonekana kimesimama.

Jumanne: vivuli, kwa kifupi

Ukizima kivuli cha mpira, unaelea. Ukikirudisha, unakaa mezani. Ukikisogeza kivuli pekee kuelekea mbele, mpira unaonekana kuinuka ingawa haujaguswa, hata macho mawili yakiwa yanatoa habari nyingine. Nilitarajia athari ndogo. Si ndogo.

Pia nimeondoa alama ya kulengea iliyokuwa inachorwa juu ya kila kitu. Ilikuwa na umbali wa mita 3 kwa macho mawili, lakini ikaonekana juu ya meza ya mita 1. Yaani iko nyuma ya meza na mbele ya meza kwa wakati mmoja. Macho yanahangaika, kisha alama inakuwa mbili. Sasa alama inatua juu ya kitu chochote inachokigusa, kwa umbali wa kitu hicho.

Na picha za kubandika zinazojifanya mashimo na matuta, mbinu nzuri kwenye skrini ya kawaida, hapa zinaumbuka. Ukuta wa matofali ulio mbali unapita. Uusogelee hadi nusu mita na ni karatasi yenye picha ya matofali. Kwa vitu vya karibu nimechonga matuta ya kweli.

Alhamisi: ugomvi usioamuliwa

Narudi kwenye wino mzito wa Jumatano. Nimeusogeza mpira hadi sentimita 30 kutoka usoni. Macho yanapindiana kwa nyuzi 12 kuufuata, vizuri kabisa. Lakini lenzi ya jicho, ambayo kwa maisha yote imezoea kujibana pamoja na mpindano huo, ikijibana picha inafifia, kwa kuwa mwanga unatoka mita 2. Inabidi iachie. Misuli miwili iliyozoea kwenda pamoja inaambiwa iende njia tofauti. Unaona mpira, uko pale, na hutaki kuutazama.

Mwaka 2008 watafiti Hoffman, Girshick, Akeley na Banks walijenga chombo cha kutenganisha mambo hayo mawili, wakaonyesha kwamba mgongano huo wenyewe unachosha macho na kuchelewesha kuziunganisha picha mbili. Hakuna msimbo wangu utakaoutatua. Dawa ni ya vyuma na vioo: mwaka 2018 Oculus, watengenezaji wa miwani hii, walionyesha kielelezo walichokiita Half Dome, ambacho skrini zake zilisogea mbele na nyuma kufuata macho yanakotazama. Kwa maana nyingine, ile skrubu yangu, ila inajizungusha yenyewe.

Mimi nimefanya kinachowezekana. Swichi zenye maandishi zimehamia mita 1.5, na hakuna kitu cha kutazamwa kwa muda mrefu kilicho ndani ya nusu mita. Ukuta wa nukta nao umekwenda mita 2, lenzi na mpindano vikubaliane, na mraba sasa unatokea haraka zaidi.

Jumamosi: dawa ya swichi iliyokosekana

Kufunikana sikuweza kukizima, basi nimekipinganisha. Swichi mpya inabadilishana picha: ya kushoto inakwenda kulia, ya kulia kushoto. Wheatstone alifanya hivyo pia, mwaka 1852, kwa chombo alichokiita sudoskopu, akaona kwamba vitu vingine hugeuka ndani nje na vingine, hasa vilivyozoeleka, hugoma.

Ukuta wa nukta uligeuka bila ubishi. Mraba uliokuwa hewani ukawa shimo lenye kingo kali vilevile. Haukuwa na shahidi mwingine. Chumba kiligoma. Nguzo ya kwanza iliendelea kuifunika ya pili, vivuli vilibaki chini ya vitu, na kila niliposogeza kichwa kila kitu kilipita kwa mpangilio wake wa kawaida. Kwa mujibu wa macho mawili, ukuta ulipaswa kuwa usoni na nguzo nyuma yake. Haikutokea hata mara moja. Kilichobaki ni hali ya kukwaruza, kana kwamba kingo zina makosa usiyoweza kuyataja, na nilipopeleka mkono kwenye mpira ulikwenda upande wa sahihi kisha ukasita.

Nikazima mwendo wa kichwa huku picha zikiwa zimebadilishana. Hapo ndipo nguzo ya tatu, ambayo haifunikwi na chochote na haina kivuli kinachogusa kitu kingine, iliruka mbele ya nyingine zote.

Swichi hii nimeiwekea kikomo cha muda. Ikizidi inajirudisha yenyewe, kwa sababu kila aliyeijaribu alitoka akijisugua macho.